Moshi wa Nyumba ya Evaristo

Vilarceo, Galisia
10 Septemba 1978

Mwanangu Delmiro,

Barua yako ya Juni niliipata, fupi kama sala ya mvivu, na salamu zake nimezipokea. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mahindi yamejaa, viazi nusu vimeoza. Amaro wa kinuni alianguka kutoka juu ya mkokoteni akavunjika nyonga, na mkewe anasema sasa angalau anajua mumewe alipo. Padri mpya anahubiri haraka haraka, tunampenda. Msalimie Lurdes. Umepata jiko huko Porto na mimi shangazi yako sijamwona hata kwenye picha. Niambie basi, mnene au mwembamba?

Sasa nisikilize. Ule mlima ambao serikali ilitunyang'anya enzi za baba yangu, ikapanda misonobari yake, unarudi mikononi mwetu. Baada ya Pasaka kijiji kitakaa kikao kuandika nyumba zenye haki. Kanuni ni ile ile tuliyoikuta: mlima si wa mtu, ni wa nyumba, na nyumba ni ile iliyo wazi na yenye moshi. Mwenye kulala ndani na kuwasha meko tangu sikukuu ya Watakatifu Wote, Novemba mosi, hadi Pasaka, huyo ana fungu la kuni, ana malisho, ana sauti kikaoni. Ambaye dohani yake imepoa hana kitu, hata akija na hati za mfalme.

Nyumba ya baba yako haijatoa moshi tangu tulipomzika Evaristo. Secundino, yule jirani yetu mwenye ng'ombe wengi kuliko adabu, alinisimamisha mbele ya kanisa, watu wote wanasikia. "Dosinda," akasema, "ile ni maiti ya nyumba. Maiti hagawiwi kuni." Nikamwambia maiti ni yeye, ila hajapata mtu wa kumpasha habari. Watu walicheka, lakini kicheko chao hakiwashi moto.

Mimi ninako kanyumba kangu nilikoachiwa na mama yangu wa ubatizo. Kana moshi, kana haki yake, lakini nikifa kamekwisha. Nyumba ya Evaristo ndimo tulimozaliwa sote, nawe ulizaliwa humo. Utakuja? Hata kwa majira haya ya baridi tu. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Shangazi yako,
Dosinda


Porto
4 Oktoba 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru Mungu goti halijakulaza kitandani. Mpe pole Amaro. Lurdes ni mwembamba, lakini si kwa muda mrefu, maana tunatarajia mtoto mwezi wa Februari. Anakuamkia na anasema picha utatumiwa akishakuwa na umbo la kupigwa picha. Bado tunaishi katika chumba kimoja juu ya duka la viatu, na mwenye nyumba anatutaka tutoke kabla mtoto hajaanza kulia.

Ofisini wamenipa herufi L ya kamusi. Wiki hizi nimezama katika neno moja tu, lar, na kila nikiliandika nakuona wewe umeinama unapuliza makaa. Ni neno moja kwenu huko Hispania na hapa Ureno: lile jiwe linalobeba moto, na papo hapo makao ya mtu, nyumbani kwake. Lareira, meko, limezaliwa ndani yake. Unajua limetoka wapi? Warumi wa kale waliita Lares mizimu ya ukoo iliyolinda nyumba. Kila walipokula waliitupia mizimu hiyo tonge motoni. Wapo wanaosema hata Warumi walilikopa kwa watu waliowatangulia. Kwa hiyo, shangazi, kila tunapotamka lar tunawataja wafu wetu bila kujijua. Na hapa mjini neno limepata kazi mpya: wanaliandika juu ya milango ya nyumba za kutunzia wazee.

Nisaidie. Pale Vilarceo mnalitumiaje? Mnasema nini mkiwasha moto wa kwanza wa baridi? Kuna kiapo, kuna mzaha, kuna tusi? Lolote utakaloniandikia litanifaa.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi mno. Tutaona.

Mwanao,
Delmiro


Vilarceo
3 Novemba 1978

Mwanangu Delmiro,

Mtoto ni baraka. Nimemwambia kila mtu, hata wasiouliza. Mwambie Lurdes asinyanyue ndoo na asisikilize ushauri wa wanawake wasio na watoto, mimi nikiwa wa kwanza wao. Goti ni lile lile. Nguruwe tutamchinja wiki ijayo.

Nimehesabu kurasa zako. Warumi wana mbili, mimi nina "tutaona". Unauliza tunasema nini tukiwasha moto wa kwanza. Tunasema, "Funga mlango, upepo unaingia." Hiyo mizimu yako sina ugomvi nayo. Sisi usiku wa Marehemu Wote hatuzimi meko, tunaacha makaa na benchi tupu ili waliotangulia wapate kuota moto. Bibi yako alifanya hivyo bila kamusi. Kama Warumi walifanya hivyo pia, basi walilelewa vizuri.

Ila nilikuuliza neno moja, hukunijibu. Na Watakatifu Wote hawangoji posta. Kwa hiyo nimehamia nyumba ya baba yako. Nilichukua makaa kutoka kwangu katika chungu cha chuma, nikavuka njia nayo mchana kweupe, wote wakiona, nikawasha. Moshi ulikataa kutoka, kulikuwa na kiota cha ndege. Nilikohoa mpaka machozi, halafu ukatoka.

Nilitaka kuweka moshi pande zote mbili, kwangu na kwa baba yako. Secundino akaja mpaka mlangoni.

"Mwili mmoja, moshi mmoja, Dosinda. Chagua."

"Nani kakuweka uwe askari wa madohani?"

"Kanuni si yangu. Muulize Amaro."

Nikaenda kumuuliza Amaro kitandani kwake, maana ndiye mwenyekiti wa kikao, naye akasema kwa masikitiko kwamba mwanaharamu yule yuko sahihi. Basi nimechagua. Kwangu nimezima. Usinishukuru. Nimepiga hesabu ya mkulima: mimi ni mzee, haki yangu itakufa nami, lakini ya nyumba hii itakwenda kwako na kwa huyo mtoto. Moshi wangu wa mwaka huu nimeuweka kwenu. Baada ya Pasaka lazima uje usimame kikaoni useme nyumba ni yako. Hilo tu.

Shangazi yako,
Dosinda


Porto
17 Desemba 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilinikuta na homa, kisha kazi, kisha nilianza kukujibu mara kadhaa nikachana. Lurdes hajambo, miguu inamvimba. Noeli njema kwako na kwa Amaro.

Nakuomba urudi kwako. Leo hii, ukimaliza kusoma. Washa meko yako, niachie mimi ya baba. Ile nyumba ina unyevu, paa la upande wa zizi si la kuaminika, na wewe goti lako si la kupanda zile ngazi. Usijitoe kwa ajili yangu, sikukuomba. Kama ni upweke, basi karibu na sisi kuna lar moja ya masista, safi, ina bustani, wazee wanapikiwa na kuoshewa. Lurdes amekwenda kuiona. Tungekutembelea kila Jumapili.

Tafadhali rudi kwako.

Delmiro


Vilarceo
14 Januari 1979

Delmiro,

Wote wazima. Theluji imetufungia siku kadhaa. Nguruwe alitoka na mafuta mazuri, nimekuwekea soseji ambazo sijui kama zitakufikia au zitaliwa na maofisa wa mpakani.

Sasa nielewe kile ulichoniandikia. Nyumba ambayo huwashi moto mwenyewe, huchagui kuni, huamui ni nani akae karibu na nani akae mbali, hiyo ndiyo wameipa jina la lar? Kaandike hivyo katika kamusi yako, halafu uandike na jina la aliyetaka kumpeleka humo shangazi aliyemfuta kamasi tangu mama yake alipokufa. Nimekasirika, na ninakuambia nimekasirika ili usije ukasoma vibaya.

Nimeisoma barua yako tena na tena. Unasema "rudi kwako, leo hii". Mtu haogopi unyevu namna hiyo. Na kuna jambo jingine. Secundino amekuwa mtamu. Mtu ambaye mwezi wa kumi na moja alikuwa akihesabu madohani yangu, sasa akinikuta anavua kofia. "Moto unawaka vizuri, Dosinda? Usiuache uzimike, mama." Jumatatu alikuja na mwanawe Moncho, yule anayetaka kuoa mwaka huu. Moncho akasimama uwanjani akipima upana wa mlango kwa kamba.

"Unapima nini, kijana?"

"Napima tu, bibi."

"Mlango haujakua tangu uzaliwe. Nenda."

Baba yake akamvuta mkono wakaondoka, Secundino akicheka peke yake.

Nakuuliza, na ninataka neno moja. Umeiuza nyumba?

Dosinda


Vilarceo
25 Februari 1979

Delmiro,

Tarishi anapita bila kusimama. Mtoto amezaliwa? Lurdes mzima? Hata kama hutaki kunijibu lile, nijibu hili.

Kuni zangu zinakaribia kwisha. Nakata za akiba. Kila asubuhi nawasha, Secundino anapita njiani anatazama paa, anatikisa kichwa kama mtu anayeangalia shamba lake likipaliliwa vizuri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika.

Dosinda


Porto
18 Machi 1979

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaniitikia. Mtoto alizaliwa tarehe tisa Februari, msichana, anaitwa Iria. Lurdes mzima. Mtoto ana mapafu ya kuamsha mtaa mzima.

Ndiyo. Nimeiuza.

Secundino alinifuata hapa Agosti, kabla hujaniandikia habari za mlima. Mwenye nyumba alikuwa ametupa notisi, Lurdes alikuwa akitapika kila asubuhi, na mimi nikatia saini jioni ile ile. Nilimwomba akae kimya mpaka nikuambie mwenyewe. Kisha barua yako ya Septemba ikafika. Nikaketi kukuambia, nikakuandikia habari za Warumi. Uliponiambia umezima moto wako ukawasha ule, niliona aibu mpaka homa ikanishika, na ile homa haikuwa uongo. Nilidhani nikikusihi urudi utarudi. Nilisahau wewe ni nani.

Secundino hakunihitaji tena kwa lolote. Aliona unamwashia moto bure majira yote ya baridi, na nadhani hata lile neno lake la maiti lilikuwa la kukuchokoza tu. Nyumba ikifika Pasaka na moshi wake, itaandikwa, na hati ni yake. Ataiweka kwa Moncho na mkewe, na ukoo wao utakuwa na nyumba mbili kikaoni.

Nina neno jingine, na nitalisema lote sasa. Wewe ukiwaza ile meko unamwona kaka yako na mama yenu. Mimi namwona mama yangu kwenye lile benchi, macho mekundu, akikohoa ndani ya aproni. Alikohoa kwa miaka na sisi tukaendelea kuutia moto kuni mbichi. Niliuchukia ule moshi. Nilipotia saini nilihisi nimeshusha mzigo. Hilo ndilo sikuweza kukuandikia, kwamba nilifurahi.

Usinisamehe haraka. Lakini toka humo.

Delmiro


Vilarceo
29 Aprili 1979

Delmiro,

Iria ni jina zuri. Mungu amkuze.

Barua yako ilifika Jumatano kabla ya Jumapili ya Matawi. Niliisoma nimesimama. Nikaketi, nikaisoma nimeketi, haikubadilika. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nikisema hivyo juu ya watu wengine.

Kisha nikaenda kisimani nikajaza ndoo. Unajua kwetu mtu hamwagi maji mekoni, hata nyumba ikiungua tunaanza upande mwingine. Bibi yako angenikata mkono. Nikamwaga ndoo nzima juu ya lile jiwe. Lilipasuka katikati, kwa sauti kubwa, na jivu likanijaa usoni. Nikatoka nje hivyo hivyo nilivyo, nikasimama njiani mpaka watu wakaja kutazama. Nikawaambia: "Tazameni dohani ya Evaristo. Mnaona moshi? Basi mkumbuke leo ni siku gani." Secundino alikuja akikimbia, koti likining'inia bega moja. Alikuwa amekwisha chelewa. Nililia mbele yao, sijali.

Kikao kilikuwa Jumapili iliyopita, shuleni. Amaro alikuja na magongo. Secundino akasimama akasema nyumba ya Evaristo imetoa moshi baridi nzima, iandikwe, na kwa jina lake, kwa kuwa ameinunua tangu Agosti. Wengi walikuwa hawajui. Waligeuka kunitazama mimi, si yeye.

"Secundino," Amaro akasema, "ulipasua kuni ngapi za moto ule?"

"Ninayo hati."

"Nimekuuliza kuni."

"Hakuna."

"Ulilala humo?"

"Nililala kwangu, na mke wangu, kama Mkristo."

"Pole kwa mkeo," mtu akasema nyuma, watu wakacheka kidogo.

Nikasimama nikasema moto niliuwasha mimi, na niliuzima mimi kabla ya Pasaka, na macho ya kijiji yameona. Hakuna aliyebisha. Nyumba ya Evaristo haikuandikwa. Moncho akitaka haki, atalala humo mwaka ujao akohoe mwenyewe.

Halafu wakafika kwenye jina langu. Amaro aliegemeza magongo yake mezani. Akasema, "Dosinda, kwako dohani ilikuwa baridi." Nikamwambia najua. Hawakuniandika. Ningekuwa mimi niliyeketi pale mbele, nisingemwandika pia.

Sasa elewa nilipo. Nimerudi kwangu. Ili niandikwe mwakani, lazima moshi wangu utoke tangu Watakatifu Wote hadi Pasaka. Ili utoke nahitaji kuni. Kuni ziko mlimani, na asiyeandikwa hakati hata kijiti. Secundino amesema atanitazama kwa darubini kama hapana budi. Amaro angenipa zake kwa siri, lakini kuni ya fungu la mwingine ikikamatwa kwangu, na fungu lake linakwenda. Sitaki. Kwa hiyo nyumba yetu ya mwisho katika Vilarceo ni hii yangu, na ina kuni za mwezi mmoja.

Unaniambia nisikusamehe haraka. Usiwe na wasiwasi.

Dosinda

Kuhusu mama yako. Alikohoa, kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua kifua kwa mafuta ya nguruwe. Niliomba Evaristo apanue dohani, akasema mwaka ujao. Hukukosea kuuchukia ule moshi. Ulikosea kunyamaza.


Porto
20 Juni 1979

Shangazi,

Shikamoo. Tunakuja.

Baba mkwe ana mialoni yake upande huu wa mpaka, ameikata na inakauka. Lori la binamu ya Lurdes litaileta Oktoba. Zitakuwa kuni za Ureno, Secundino hatakuwa na la kusema. Msimamizi wangu amekubali nifanye herufi M nikiwa huko, kwa posta, mpaka Pasaka. Lurdes alisema ndiyo kabla sijamaliza kueleza. Anasema shangazi aliyemwaga ile ndoo anataka kumwona kwa macho yake.

Sijui kama utatupokea. Kama hutaki tulale kwako, nitatafuta chumba kwa Amaro. Nijibu.

Delmiro


Vilarceo
16 Septemba 1979

Mwanangu Delmiro,

Marahaba. Goti liko vile vile. Amaro anatembea na gongo moja. Ng'ombe mwekundu yuko sawa, ndama wake ana kiburi. Moncho ameoa, bibi harusi ameiona ile meko iliyopasuka na amesema halali humo mpaka itengenezwe, basi Secundino anatafuta jiwe na halipati.

Sitawaweka kwa Amaro kama wachuuzi wa sokoni. Mtalala kwangu. Ni padogo, mtoto atalala kati yenu na mimi nitalala jikoni. Nimemwita fundi akapanua dohani na kuipandisha juu, sasa inavuta moshi vizuri. Nimemwambia ni kwa ajili ya mtoto. Ni kwa ajili ya mama yako pia, ingawa nimechelewa.

Njooni kabla ya Watakatifu Wote. Lori lisimame mlangoni kwangu mchana, watu waone kuni zikishushwa na waone zimetoka wapi. Lurdes asibebe kitu. Wewe utabeba.

Sijakusamehe. Tutakuwa na baridi nzima ya kulizungumza, na humu ndani hakuna chumba cha kujificha. Lakini jambo moja ulijue kabla hujafunga mizigo. Moto wa kwanza sitauwasha mimi. Nitapanga kuni, nitaweka kiberiti juu ya jiwe, kisha nitatoka. Utapiga magoti wewe, utapuliza wewe, na moshi ukikuingia machoni utavumilia mpaka moto ushike. Mimi nitakuwa njiani pamoja na majirani, nikitazama paa.

Shangazi yako,
Dosinda